Gari Likiitwa, Nani Aitike?

Kwa watu wa Mkange, na wa pwani yote kutoka Bagamoyo hadi Pangani, fuso si jina la kampuni. Ni lori la ukubwa wa kati, awe amelitengeneza yeyote. Utasikia fuso la mkaa, fuso la ng'ombe, mafuso mawili ya mananasi ya Kiwangwa, na pengine moja kati ya hayo ni Isuzu. Neno limepata ngeli, limepata wingi, limekuwa mali ya lugha. Asili yake ni basi liitwalo B46, lililotoka kiwandani kwa Mitsubishi mwaka 1932 likapewa jina la Fuso, jina mojawapo la kale la nchi ya Japani.

Kilichonifanya nilitafakari neno hili ni habari ya Yokohama. Tarehe 10 Januari 2002, katika mji huo wa bandari, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka lori likiwa mwendoni, likabingirika hadi kando ya barabara na kumpiga mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na wanawe wawili. Mama alifariki. Watoto walijeruhiwa. Kilichokatika ni habu, kile chuma kinacholishika gurudumu kwenye ekseli. Fundi yeyote wa malori anajua kwamba habu ikikatika, gurudumu huondoka zima, na rimu yake, na nati zake zote zikiwa zimekazwa.

Kampuni ilieleza kwamba kosa lilikuwa la matunzo. Wenye lori hawakulihudumia inavyopasa, habu ikalika, ikakatika. Maelezo hayo yalidumu miaka miwili. Machi 2004 kampuni ikakiri kwamba habu zenyewe zilikuwa dhaifu tangu zilipobuniwa, na malori zaidi ya laki moja yakatakiwa yafanyiwe marekebisho. Kabla ya siku ile ya Yokohama makumi ya habu yalikuwa yameshakatika katika barabara za Japani, na kila mara lawama ilimwendea mwenye lori. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2000 kampuni hiyohiyo ilibainika kuwa ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20.

Nikitaka kuisimulia habari hii kwa Kiswahili, maneno mawili yanatosha kuibeba yote. Kwa miaka miwili kampuni ilisema ni ubovu. Ukweli ni kwamba ilikuwa kasoro.

Watu wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Kivumishi -bovu kinabeba muda ndani yake: embe bovu, yai bovu, jino bovu. Kitu kilikuwa kizima, kikaharibika. Anayesema ubovu wa gari ameshatoa hukumu bila kujua, kwa sababu amekubali kwamba gari lilipokabidhiwa lilikuwa zima, na aliyekaa nalo ndiye aliyeliacha likaoza. Kasoro haina muda huo. Asili yake ni Kiarabu, katika maana ya kupungua, na kila siku tunaitamka tunapotaja saa: saa tatu kasorobo, yaani saa tatu iliyopungukiwa na robo. Kitu chenye kasoro kinaweza kuwa kipya kabisa, nailoni haijatolewa kwenye viti, na bado kikawa kimepungukiwa.

Sasa sikiliza taarifa za ajali. Kamanda wa polisi wa mkoa anaposimama mbele ya waandishi, vyanzo anavyovitaja tunavijua kwa moyo: mwendokasi, uzembe wa dereva, kulipita gari jingine bila tahadhari, ubovu wa gari, ubovu wa barabara. Mara chache husikika hitilafu za kiufundi, maneno yanayoweza kuwa na maana yoyote. Simlaumu kamanda, ambaye mara nyingi anasema kweli. Mwendokasi unaua, na dereva mzembe ni mzembe. Ninachokiona ni kwamba katika orodha nzima hakuna nafasi ya mtengenezaji. Wako dereva, mwenye gari na aliyejenga barabara. Aliyeliunda gari hayumo.

Sarufi nayo inamsaidia asiwemo. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na ni kauli nzuri, ina adabu, haimnyooshei mtu kidole. Kikombe kimevunjika. Tairi limepasuka. Habu imekatika. Gurudumu limechomoka. Kila sentensi imekamilika, na hakuna mtendaji popote. Wala huwezi kuuliza imekatika na nani, kwa sababu kauli hiyo haina mlango wa na. Fundi wa gereji aliyejilaza chini ya lori kule Miono akisema habu imekatika, amesema alichokiona, na amesema vizuri. Tatizo linaanza pale sentensi ya fundi inapopanda hadi kwenye faili la bima, la polisi, la mahakama, bila mtu kuigeuza kauli. Hata breki, tuliyoipokea kutoka nje, tumeitafutia kitenzi cha kuiacha peke yake na kosa lake: breki zimefeli.

Watu wa viwandani wanaujua uzito wa maneno haya kuliko sisi tunaoyasoma. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari takriban milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia. Swichi ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Ufunguo wenye mkungu wa funguo nyingine, au mtikisiko wa njia mbaya, uliweza kuirudisha nyuma gari likiwa mwendoni. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki gari linapogonga. Mfuko wa fidia ulioanzishwa baadaye ulikubali vifo 124. Wahandisi ndani ya kampuni walikuwa na habari za swichi hiyo kwa zaidi ya miaka 10.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipoitoza kampuni faini ya dola milioni 35 Mei 2014, ilichapisha pia nyaraka za mafunzo ambayo kampuni iliwapa wafanyakazi wake mwaka 2008. Humo mlikuwa na orodha ya makumi ya maneno ambayo mhandisi hakutakiwa kuyaandika katika ripoti. Neno la kasoro lilikuwa mojawapo. Badala yake aandike kwamba kipuri hakifanyi kazi kulingana na usanifu. Badala ya tatizo aandike suala, au hali. Na yale maneno ya moto, ya kulifananisha gari na jeneza au na meli ya Titanic, yalipigwa marufuku kabisa.

Nilipoisoma orodha hiyo, nilihuzunika kama mtu wa lugha kabla sijahuzunika kama mtu wa barabarani. Kuna watu walikaa chumbani wakayapima maneno, wakaona kwamba ukimnyima mhandisi neno kasoro utamnyima pia nafasi ya kuiona. Walikuwa sahihi. Ripoti iliyojaa masuala na hali haimwamshi mtu usingizini. Sisi tusiokuwa na kiwanda kikubwa cha magari hatuna aliyetuandikia orodha ya kutukataza, lakini tumefika palepale kwa kutoyapanga maneno tuliyo nayo.

Na tunayo mengi. Hitilafu ni ndugu wa kuhitilafiana: kitu kimetofautiana na kilivyokusudiwa. Swichi ya General Motors ilikuwa na hitilafu kwa maana hii hasa, maana nguvu ya kuizungusha ilikuwa chini ya ile iliyoandikwa katika vipimo vya kampuni yenyewe. Dosari ni doa linaloharibu ukamilifu. Neno ila nalo ni la wazee, linalofifia, la upungufu unaokaa ndani ya kitu au ndani ya mtu. Mafundi istilahi wangeweza kuzigawa kazi vizuri: kasoro ya usanifu ibaki kwa kitu kilichobuniwa vibaya, kama zile habu, hitilafu ya uundaji kwa kitu kilichobuniwa vizuri kikatengenezwa kinyume, ubovu kwa kilichochakaa. Fomu ya mkaguzi wa magari ikiwa na visanduku hivyo vitatu, mkaguzi atalazimika kufikiri kabla ya kutia alama.

Lipo neno jingine ambalo ndilo linalonigusa kuliko yote, nalo limeshatoka sokoni. Ni aibu. Katika fiqhi, ile iliyosomeshwa kwenye madrasa za Bagamoyo tangu zama za misafara, ayb ni kasoro ya bidhaa. Mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye ayb iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa, na hakuambiwa wala hakuiona, ana khiyari: akitaka atakaa nacho, akitaka atakirudisha na kurejeshewa fedha zake. Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili. Khiyari ikawa hiari. Ayb ikawa aibu, ikatoka dukani, ikahamia usoni kwa mtu. Nadhani safari hiyo si ya bahati tu. Muuzaji aliyeficha kasoro alifedheheka mbele ya mji wake, na mji ulikuwa mdogo.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa vyombo vya bahari. Kitenzi kuunda, tunachokitumia leo kwa kamati na serikali, ni kitenzi cha seremala wa majahazi. Aliyeliunda jahazi alikaa palepale ufukweni. Likivuja kwenye safari ya kwanza, nahodha alilivuta kwenye mchanga na kumfuata fundi nyumbani, na fundi akatoka na nyundo yake na pamba ya kukalafati. Hakukuhitajika neno la pekee la jambo hilo. Gari lilipokuja pwani lilipewa maneno ya chombo, usukani, shehena, nauli, lakini fundi aliyeliunda hakuja nalo.

Katika biashara ile ya zamani, anayeigundua kasoro kwanza ni mnunuzi. Yeye ndiye anayekitumia kitu, yeye ndiye anayekibeba kumrudishia muuzaji. Katika biashara ya magari mambo yamepinduka. Dereva mmoja wa Mkange anaiona habu moja ikikatika na kudhani ni bahati yake mbaya. Kiwanda kinaziona habu makumi, kutoka kila upande, zikikatika palepale. Kiwanda ndicho kinachojua kwanza. Kwa hiyo jukumu la kusema nalo linahama, kutoka kwa mnunuzi hadi kwa mtengenezaji.

Tendo hilo la mtengenezaji kusema ndilo lisilo na jina la uhakika kwa Kiswahili.

Tazama vichwa vya habari. Kampuni fulani yarudisha magari milioni moja. Msomaji ana haki ya kuuliza: imeyarudisha wapi? Iliyachukua kwa nani? Ukisema yarejesha, hujabadilisha kitu. Kiambishi cha kusababisha kimo katika vitenzi vyote viwili, na picha ni ileile ya kitu kinachotoka mkononi mwa kampuni kwenda kwingine. Wengine husema kuondoa sokoni. Hilo ni sahihi kwa dawa iliyoharibika au unga wenye sumu kuvu, vitu vinavyokusanywa na kuteketezwa. Gari haliondolewi sokoni. Linapelekwa karakana, linabadilishwa kipuri, na jioni mwenyewe anaondoka nalo.

Wapo watakaopendekeza marejeo. Neno tamu, na wahenga walilitumia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini hebu lisikilize. Anayerejea ni yule aliyekwenda. Marejeo ni kazi ya msafiri, na ndani yake mna hata onyo kidogo kwake. Ukiliita tendo la kiwanda marejeo, umemtwika mwenye gari tendo lote: yeye ajue, yeye arudi, na asiporudi, shauri yake.

Lugha nyingine nyingi zilikwenda njia ya sauti. Wafaransa wanasema rappel, Wajerumani wanasema Rückruf, na yote mawili ni kuita. Wajapani walichukua neno la Kiingereza wakalifanya rikooru, na kashfa ya Mitsubishi wakaiita kuficha rikooru. Waarabu wanasema istidaa, na ndugu zetu wasemao Kiswahili wanaoishi Muscat hulisoma neno hilo katika matangazo ya mamlaka ya kumlinda mtumiaji ya Oman. Mzizi wa istidaa sisi tunao katika maneno mawili: dua na dai. Mtu anaitwa aje, na akija anacho cha kudai.

Basi na tuseme kuita. Gari limeitwa. Magari yameitwa. Nomino yake mwito, na ili usichanganywe na hati ya wito ya mahakama, uongezewe mwitaji: mwito wa kiwanda. Nalipenda umbo hili kwa sababu halimwachi mtengenezaji aponyoke. Kauli ya kutendeka ilimtoa kwenye sentensi. Mwito wa kiwanda unamrudisha, kwa jina la mahali pake pa kazi. Na kitenzi kina mwenzake ambaye kila mtoto wa pwani amelelewa naye. Anayeitwa huitika: labeka, naam, abee. Kwa hiyo gari likishafanyiwa marekebisho limeitika, na ambalo bado, mwito wake haujaitikiwa. Lugha nzima ya shughuli hii, kuanzia tangazo hadi kipuri kipya, inatoka kwenye kitenzi kimoja ambacho hakuna anayehitaji kufundishwa.

BAKITA na wenzao wa BAKIZA wameshasanifisha maneno magumu kuliko haya. Wakiona mwito haufai, na watoe jingine, mradi liwe na mtendaji ndani yake. Ningewaomba pia waangalie mpango wa Wajapani wa ngazi tatu. Rikooru kwao ni pale tu ambapo gari linakiuka viwango vya usalama au lina hatari ya kuvikiuka. Chini yake kuna hatua za uboreshaji, kwa kisichovunja kiwango lakini hakiwezi kuachwa hivyohivyo. Chini kabisa kuna kampeni ya huduma, kwa mambo ya ubora tu. Mwandishi wa habari akiziita zote tatu mwito, watu watazoea na kuacha kusikia. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikipigwa kwa kila kitu, haina.

Neno likishapatikana, linatuonyesha shimo ambalo awali hatukuwa na namna ya kulitaja. Mwito una mwitaji na mwitwa. Mwitwa wa Mkange ni nani?

Magari mengi ya huku yaliuzwa yakiwa mapya kwa mtu wa Nagoya au Osaka. Barua ya mwito hutumwa kwa anwani iliyoko kwenye usajili wa huko. Kabla gari halijapakiwa melini, usajili wake wa Japani hufutwa na hutolewa hati ya kusafirishwa nje, ile karatasi ambayo mawakala wa forodha wa Dar es Salaam wanaifahamu vizuri. Tangu siku hiyo barua haina pa kwenda. Gari linapata namba mpya na kadi mpya ya TRA, linauzwa, linauzwa tena, linafika kwenye njia ya Mandera, Miono hadi Mkange likibeba abiria na magunia. Kiwanda kinaweza kuwa kinaita, na mwenye gari hana habari kwamba gari lake lina jina analoitwa kwalo.

Jina hilo ni namba ya chesisi. Hapa istilahi inageuka kuwa jambo la uhai. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana alama fupi ya modeli, kistari, kisha mfululizo wa tarakimu. Mtu mwema akiichukua namba ya gari lake la Kijapani na kuiingiza katika tovuti ya Marekani ya kutafutia miito, hapati kitu, na anaweza kulala akidhani gari halijaitwa. Kumbe ameuliza kwenye mlango usio wake. Orodha inayomhusu iko Japani, kwenye tovuti za watengenezaji na za wizara ya uchukuzi ya huko, kwa Kijapani. Kutafsiri ukurasa huo si kazi kubwa siku hizi. Kubwa ni kujua kwamba upo.

Mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari unatuhusu sisi wa pwani kwa namna ya pekee. Ni ule wa mifuko ya hewa ya Takata, ambayo mafundi wetu huiita eabegi. Mfuko wa hewa hufunguliwa na kikopo cha chuma chenye vidonge vya baruti. Gari likigonga, vidonge vinaungua kwa sehemu ndogo ya sekunde na gesi inaujaza mfuko. Takata ilitumia amonia nitreti, kemikali ya bei nafuu inayofyonza unyevu. Vikopo vingi havikuwekewa kikausho. Baada ya miaka mingi ya joto na unyevunyevu, vidonge vinapoteza umbo lake, vinaungua kwa kasi mno, na kikopo kinapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa mtu ambaye kilikusudiwa kumwokoa. Honda iliyaita magari ya kwanza mwaka 2008. Hatimaye watengenezaji 19 walihusika, na Marekani peke yake vikopo takriban milioni 67 viliitwa. Januari 2017 Takata ilikubali kosa la ulaghai na malipo ya dola bilioni moja. Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Hapa neno kasoro linarudi kwenye maana yake ya saa. Kilichopungua ni kikausho.

NHTSA iliyapanga majimbo kwa hali ya hewa, na yaliyotangulizwa ni yale ya joto na unyevu: Florida, Texas, Louisiana, Hawaii, pamoja na kisiwa cha Puerto Rico. Anayeijua pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Huku hakuna majira ya baridi ya kuvipumzisha vidonge hivyo. Gari linaloshinda juani Saadani au Mkange, milango imefungwa, upepo wa bahari ukiingia na chumvi yake, liko katika mazingira yaleyale ambayo wataalamu waliyawekea alama ya hatari ya kwanza. Japani, tangu Mei 2018, gari lenye mfuko hatari wa Takata ambao haujabadilishwa hunyimwa cheti cha ukaguzi. Yaliyokwisha kupanda meli kabla ya hapo hayakukutana na kizuizi hicho.

Sheria za nchi nyingine zinafika ukingoni mapema. Marekani humpa mwenye gari haki ya marekebisho ya bure kwa miaka 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza, na hadi mwaka 2015 ilikuwa miaka 10 tu. Magari mengi yanayochukua abiria kwenye njia zetu za vijijini yamevuka umri huo. Kwetu TBS hukagua magari yaliyotumika, na polisi wa usalama barabarani hukagua kwa ajili ya stika ya Nenda kwa Usalama. Ukaguzi huo unatafuta ubovu: breki, taa, tairi, usukani. Unautafuta kwa macho na kwa mikono, na ni kazi ya lazima. Lakini kasoro ya kikopo cha Takata haionekani kwa macho wala kwa mikono. Inaonekana kwenye orodha tu, kwa namba. Mkaguzi anayeulizwa gari ni bovu au si bovu atajibu kwa haki kwamba si bovu.

Na barabara inabadilika. Ile ya kutoka Makurunge kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga inajengwa kwa lami, na kipande cha kutoka Mkange hadi Tungamaa kupitia Mkwaja kina urefu wa kilomita 95.2. Watu wameingoja kwa miaka mingi na wana haki ya kuifurahia. Mgonjwa atafika hospitali, nanasi litafika soko likiwa zima. Lakini njia ya vumbi ilikuwa ikilizuia gari lisikimbie. Habu iliyovumilia mwendo wa mashimo itadaiwa mwendo wa lami, na mfuko wa hewa ambao haukupata kuguswa utakutana na migongano ya kasi ambayo ndiyo huufungua.

Ndiyo maana ningependa neno hili lianze kutumika pale watu wanapouziana magari, kabla halijafika kwenye kamusi. Muuzaji ana misamiati yake iliyokamilika: injini haijafunguliwa, gari halidaiwi, namba bado mpya, halina shida yoyote. Mnunuzi amwombe namba ya chesisi aitafute kwanza, kisha amuulize: limeshaitwa na kiwanda, na liliitika? Halafu aufungue mlango wa dereva na kuinama, atazame nguzo ya mlango karibu na ndoano ya kitasa. Kwa miaka mingi, karakana za Japani zikishamaliza marekebisho ya mwito zilibandika hapo stika ndogo yenye namba ya mwito huo. Magari mengi yetu yanazo, zimefifia, zimeshika vumbi, na wengi hudhani ni alama za kiwanda zisizo na maana. Stika ikiwepo, namba yake ilinganishwe na orodha, maana gari moja laweza kuitwa mara tatu na likaitika mara moja. Isipokuwepo, namba ya chesisi iandikwe kwenye karatasi na bei isubiri.